Kinga Isiyobeba Muhogo

Mimi ni mtu wa haya. Nasema hili mapema ili ijulikane kwa nini katika habari hii siongei sana, ingawa nilikuwepo kila mahali. Siku za animasyo shuleni, tunapoimbia chama na kucheza uwanjani mbele ya wakubwa, mimi husimama mstari wa mwisho, nyuma ya msichana mmoja mnene wa mwaka wa nne, na huwa namwombea asiugue. Kwa hiyo Mama aliponiambia, likizo kubwa ilipoanza, kwamba tutakwenda wote sokoni Baraka kuchagua kinga, kitu cha kwanza nilichowaza hakikuwa kinga. Niliwaza macho ya watu.

Kinga ndiyo baiskeli, na kwetu baiskeli si kitu cha kupanda. Simama asubuhi ya soko kando ya barabara inayotoka Mboko, utaziona zinakuja kwa msururu, zimejaa mifuko ya muhogo hadi huoni magurudumu, na wenyewe wanatembea pembeni wakisukuma. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani kwa ajili ya kuielekeza, nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti kwa ajili ya kusukuma. Kiti chenyewe kimelaliwa na mfuko. Nawajua wanaume waliokuwa na kinga tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kuwaona wameikalia, labda kwenye mteremko tu, wakati wa kurudi.

Mama alitaka ya kukalia.

Alipokuwa msichana aliishi karibu na misheni. Kulikuwa na mtawa mmoja aliyekuwa na kinga, na Mama ndiye aliyekuwa akiisafisha. Siku moja yule mtawa akamwambia panda, akamshikia kiti, akamzungusha uani hadi akajua. Halafu Mama akaolewa, na baada ya hapo mambo yote yakawa ya mgongoni: kuni, muhogo, maji, mimi na ndugu zangu.

"Mugongo yangu haiyaenda fasi bure," aliniambia tukichambua mboga za lengalenga. "Kila pahali inaenda na kitu. Mi nataka siku moja iende bure."

Misimu mingi alikuwa ameanika ndagala, wale dagaa wetu, kwenye mchanga wa ziwa na kuwauza. Baba, ambaye ni muuguzi kule Fizi mlimani na hushuka kwetu mwisho wa mwezi, alimwambia hiyo fedha ni yako, nunua unachotaka. Nadhani alitegemea mabati.

Tatizo lilikuwa Baba Mudogo. Yeye ni mdogo wake Baba, anakaa nasi uani, na kazi yake ni kununua muhogo Mboko na kuuza Baraka. Kinga yake ilikuwa imevunjika kadre, ule mfupa wa katikati, na tangu siku hiyo alikuwa anakaa mlangoni akitazama barabara kama mtu aliyefiwa. Si mtu mbaya hata kidogo. Ni kwamba akiona kitu chenye magurudumu, anaona mifuko juu yake. Na kwetu mke hamnyimi mdogo wa mumewe chombo cha kazi. Akinyima, habari itafika Fizi kabla ya jioni. Sisi sote tulijua: kinga yoyote itakayoingia uani na ikaweza kubeba, kesho yake itakuwa kwenye njia ya Mboko, na Mama ataiona usiku tu, imeegemezwa ukutani.

Mama hakunificha mpango wake.

"Nitachagua ile haiwezi kubeba. Kama haibebe, hataiomba."

"Na kama iko nzuri ya kubeba na ya kukalia?"

"Hiyo nitaikimbia."

Baba Mudogo alitusindikiza, maana mwanamke haendi kununua kinga peke yake, watamdanganya. Alitembea mbele, kwa furaha, kama kinga ni yake. Mimi nilitembea nyuma.

Muuzaji huleta kinga zake kwa mtumbwi wa mota kutoka Kigoma. Zilikuwa zimepangwa mbele ya duka, zote nyeusi, zote na kibebeo kipana cha chuma nyuma. Mlangoni kulikuwa na mfuko uliojaa muhogo mkavu. Huo si wa kuuza. Ni wa kupimia. Mwanamume akija, anagonga rimu kwa ukucha na kusikiliza, anapandisha mfuko, anasukuma hadi barabarani na kurudi, na kama kinga haikuguna, anaichukua. Sikumwona hata mmoja aliyekalia. Swali la kiti halipo.

Baba Mudogo akaupandisha mfuko kwenye ya kwanza.

"Shemeji, hii iko na nguvu. Unaweka mufuko, unaweka ingine, haitalia."

Mama akasema iko nzuri. Kisha akaomba mfuko ushushwe, akanipa mkoba wake, akajaribu kupanda.

Hapo ndipo watu walipoanza kusimama. Kinga nyeusi ina chuma kinachopita katikati, toka kiti mpaka usukani, na Mama alikuwa amevaa liputa, kitenge cha kujifunga, kama wanawake wote. Suruali zimekatazwa na serikali kwa wanawake, na hata zisingekatazwa asingevaa. Akainua mguu kidogo, liputa ikakataa. Akashuka. Akajaribu nyingine kwa kukaa upande upande huku mimi nimeshika. Akasema kiti chake ni kama ncha ya mchi, tena inamuinamisha mbele.

"Inaniinamisha sawa nalima," akasema. "Kulima nilimaliza asubuhi."

"Mama, kinga haiko kitanda," muuzaji akasema, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama tairi. Ninaijua ile tairi hadi leo.

Kisha Mama akaonyesha ndani ya duka. "Na ile?"

Ilikuwa imesimama pembeni, ya kijani, mashati yametundikwa juu yake. Usukani wake ulikuwa mpana na umepinda kurudi nyuma, kama pembe za ng'ombe wa Bibokoboko, kule mlimani. Kadre yake ilishuka chini mbele ya kiti, pakabaki nafasi ya kupitisha mguu bila kusumbua liputa. Matairi manene. Kiti kipana, na chini yake springi mbili nene. Nyuma hapakuwa na kibebeo, ila bati jembamba la kuzuia matope.

"Hiyo?" Muuzaji aliona haya kidogo. "Hiyo ilikuja na makosa. Muntu wa Kigoma alichanganya. Iko ya bazungu ya kutembea. Mi naanikaga mashati."

"Inatembea?"

"Inatembea, lakini itabeba nini?"

"Mimi."

Wakacheka tena, lakini muuzaji akaondoa mashati. Mama akapitisha mguu, akakaa. Springi zikalia kidogo zikanyamaza. Miguu yote miwili ilifika chini. Mgongo wake ulikuwa wima, mikono imelegea, kama mtu aliyekaa kwake akisubiri chai. Akabonyeza kiti, akasimama, akakaa tena. Akauliza breki iko wapi, akaambiwa unarudisha pedali nyuma, akasema kumbe kama ile ya mtawa. Akaniambia niachie. Sikutaka. Akaniambia tena, nikaachia, naye akaenda polepole hadi kwa muuza chumvi na kurudi, na liputa haikusogea.

Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Sijui niandikeje. Nilimwona msichana ambaye sikuwahi kumjua.

Baba Mudogo hakucheka. Alikuwa anafikiri, na nilijua anafikiri nini.

"Tuijaribu," akasema.

Akachukua mfuko wa kupimia, akauweka juu ya lile bati la nyuma, akafunga kwa mpira. Mfuko ukakaa kidogo, ukateleza, ukaanguka. Akaufunga kwenye kiti. Springi zikazama, mfuko ukapinda upande kama mlevi, ukaanguka. Akafunga fimbo kwenye usukani. Lakini usukani ulikuwa umerudi nyuma, kwa hiyo kila aliposukuma, fimbo ilimchoma mbavu. Akasukuma kwa nguvu zaidi, ikamchoma zaidi.

"Kinga gani hii haina adabu," akasema.

Kijana mmoja mchunga ng'ombe, aliyeshuka na siagi kutoka Bibokoboko na koti lake refu, alikuwa ameegemea fimbo akitazama.

"Kwetu kule ngombe ya maziwa hatuibebeshe mizigo," akasema, "na hakuna muntu anaichekelea."

"We uza siagi yako, itayeyuka," Baba Mudogo akamjibu.

Lakini hakuwa amemaliza. Alizunguka ile kinga, akapima usukani kwa mkono, akasema taratibu, kama anampa Mama zawadi:

"Shemeji, usiogope. Nunua. Tutaipeleka kwa fundi wa kuchomea. Atakata hizi pembe, aweke usukani ya kunyooka. Hii kiti atatoa, aweke chuma ya kubeba mpaka mbele. Itakuwa kinga kabisa."

Mama aliweka mkono juu ya kiti. Aliangalia chini. Nilielewa kwamba hawezi kusema hapana pale, mbele ya watu wote, kwa shemeji yake anayemsaidia kununua. Atanunua, na kesho itakatwa, au ataiacha na kurudi nyumbani na fedha yake. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kile kiti.

Nikasikia mtu anasema, "Baba Mudogo, mukiikata, Mama atakalia nini?"

Kumbe ni mimi. Sauti ilikuwa nyembamba, na neno la mwisho halikutoka vizuri. Watu wakageuka wote. Damu ilinipanda masikioni nikatamani mfuko wa muhogo unifunike.

Baba Mudogo alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa hajasikia sauti yangu hadharani tangu nibatizwe.

"Ah bon," akasema. "Hata huyu anaongea."

Watu wakacheka, lakini safari hii walicheka wakimtazama yeye, na yeye mwenyewe akaanza kutabasamu upande mmoja. Akafungua fimbo yake kwenye usukani, akajipangusa mbavu.

"Basi, Shemeji. Nunua kiti yako. Mi nitatafuta kinga."

Tangu siku ile, jua linapoegemea milima, Mama hutoka. Huenda kwa njia ya ziwa, anaona rasi ya Ubwari ng'ambo, anarudi. Mara ya kwanza nilimfuata kwa miguu, mbali kidogo, ili watu wasijue kama tuko pamoja. Kwenye kizuizi cha barabara kijana wa kizuizi alimsimamisha. Pale kila mfuko unaacha kidogo. Alizunguka kinga mara mbili akitafuta mzigo.

"Sitwayene," akasema, kwa lile neno la serikali la kumwita raia wa kike, "unabeba nini?"

"Sibebe kitu."

"Unaenda wapi?"

"Pale. Halafu narudi."

"Kufanya nini?"

Mama alifikiri kweli, maana hapendi kudanganya. "Kukaa," akasema.

Yule kijana alitazama kiti, akabonyeza springi kwa kidole, akainua mti. Hakujua achukue nini. Sasa akimwona kwa mbali anauinua mapema.

Wapo wanaosema mke wa muuguzi ameanza uzungu. Baba aliposhuka kutoka Fizi alisimama mlangoni, akaitazama kinga ya kijani pale alipotegemea mabati, akauliza kama inaumiza mgongo. Mama akasema hapana. Baba akasema basi vizuri, akaomba maji ya kuoga. Hilo tu.

Baba Mudogo alikodi kinga nyeusi ya rafiki yake, akarudi kwenye njia ya Mboko. Mimi niliendelea kuogopa. Kila alipopita karibu na ya kijani nilitazama mikono yake.

Halafu Jumapili moja Baba Mudogo alikuja jikoni wakati Mama anasonga ugali. Alikuwa ametoka Mboko jana yake, nyayo zimepasuka. Alisimama karibu na jiko kama mtoto anayetaka kitu.

"Shemeji."

"Karibu."

"Ile kinga yako. Niiazime kidogo."

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alimtazama mikononi, nami nikatazama. Hakuwa na mfuko. Hakuwa na fimbo wala mpira.

"Chukua," Mama akasema.

Akapitisha mguu kwa shida, yeye na miguu yake mirefu, akatoka kwenye lango akiyumba. Tulikula bila yeye. Ugali wake ulipoa, tukaufunika. Mama alisikiliza barabara kila mara, na mimi nilijiambia amekwenda kwa fundi, fundi wa kuchomea anafanya kazi hata Jumapili.

Alirudi jua limeshazama, polepole, katikati ya barabara, mgongo wima, mikono imelegea. Usukani ulikuwa na pembe zake zote mbili. Akashuka, akaiegemeza ukutani mahali pake palepale, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Umefika wapi?" Mama akauliza.

"Karibu na Mboko. Njia ile yote."

"Na ulibeba nini?"

Aligeuka akatazama barabara ile aliyoitembea kwa miguu miaka yote, kama ameonyeshwa leo.

"Hakuna," akasema. "Shemeji, kumbe kule kuko miti ya ngazi mingi, ile ya mawese, upande wa mulima. Mi sikujuaka."

Mama akamfunulia ugali.