Hongea, Mwalimu

Juzi bibi alinituma shule yangu ya msingi, huku juu Rangwi, nikachukue sweta la mdogo wangu alilosahau. Lile darasa letu la nne halipo tena. Wamelibomoa, pamebaki msingi na kabichi za shule. Nikasimama pale kama mjinga, moshi wa kuni za uji ukinijia puani, nikamkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili.

Ungemwona ungemhurumia. Alitoka Sumbawanga, mwembamba, sauti ndogo kama ya mtu anayesali peke yake. Waliokaa nyuma hawakumsikia kabisa. Lakini tulimpenda, maana hakushika fimbo. Kipindi kikiisha tulisimama wote tukapaza, "Hongea, mwalimu!" Naye aliinamisha uso, akakusanya chaki, akatoka upesi. Mimi nilidhani ana aibu tu, kama mimi.

Miezi ikaenda, akazidi kunyauka. Wenzake wakitoka nje kuota jua, yeye alibaki ofisini. Siku moja nilipeleka madaftari nikamkuta anaandika barua. Aliifunika kwa mkono, lakini neno "uhamisho" nilishalisoma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu njoo, wewe usiyesemaga. Nimewakosea nini? Sauti yangu ndogo, najua. Lakini kila siku darasa zima mnanizomea: ongea mwalimu, ongea mwalimu!"

Nilizoea kujibu watu kwa kichwa. Ila nikaona nikinyamaza, huyu anaondoka.

"Si ongea, mwalimu. Ni hongea. Kishambaa. Maana yake asante."

"Asante?"

"Ee. Hata bibi ukimletea maji anakwambia hongea."

Akanitazama, halafu akacheka mpaka akavua miwani afute macho. "Miezi yote hii! Kumbe nilikuwa nasikia kile ninachokiogopa."

Barua hakuichana, aliitia mkobani tu. Nilirudi darasani sijui kama ataituma.

Kesho yake aliingia akasimama katikati yetu. "Sauti yangu ndiyo hii, sina nyingine. Sogezeni madawati."

Tukasogeza mpaka magoti yakagusana. Mmoja wa nyuma akanung'unika, "Sasa nitalala wapi?"

"Kwenu, baba," mwalimu akamjibu. Darasa likavunjika mbavu. Hakuwahi kututania kabla. Tulipomshukuru mwisho wa kipindi, aliinua uso akapokea.

Akakaa nasi hadi tulipomaliza la saba. Siku hizi, nasikia, ni mwalimu mkuu upande wa Bumbuli, na walimu wageni wakifika huwatembelea yeye mwenyewe nyumbani. Darasa limekwenda, na watoto wa sasa wanaaga kwa Kiingereza. Inaniuma kidogo. Lakini angeweza kuondoka mwaka ule akiamini tulimcheka, nasi tukabaki tukiamini hakutupenda. Hilo halikutokea. Hata sasa ninapoandika, nashusha pumzi.