Fundi Taratibu na Maswali ya Pumu

Mtaani walimwita Fundi Taratibu, na jina lenyewe alilipenda. Seremala gani mwingine angepiga randa kidogo, akasimama, akaukagua ubao kama anayechagua mchumba, ndipo akaendelea? Wateja walisema huyo ndiye fundi, hana papara. Kumbe mwenzao alikuwa anatafuta pumzi. Pumu ya tangu utotoni ilikuwa imemkaba, naye akaificha ndani ya ustaarabu.

Mkewe ndiye aliyemburuta hadi zahanati, baada ya kumkuta karakanani amejishikiza kwenye meza ya kazi, midomo imebadilika rangi. Fundi alikwenda shingo upande. Hofu yake ilikuwa moja tu: daktari atamwambia aache mbao. Na bila mbao yeye angekuwa nani? Mikono yake haikujua kazi nyingine, na umri wa kuanza upya ulishampita.

Muuguzi, binti mchangamfu mwenye miwani, akatoa karatasi ya maswali, kila jibu na alama zake; alama nyingi maana yake pumu imetulia.

"Mzee, hapa tunaangalia wiki nne zilizopita. Nijibu tu ilivyo. Pumu imekuzuia kufanya kazi zako?"

"Hata kidogo."

"Umebanwa na pumzi?"

"Mimi? Wapi!"

"Inakuamsha usiku?"

"Siamki kabisa."

Alama zikapanda, muuguzi akaanza kutabasamu. Na ajabu ni kwamba fundi hakujiona mwongo. Usiku haamki, maana kitandani halali. Husinzia kwenye kiti, ameketi wima. Pumu haimzuii kubeba mbao, maana alishaacha kubeba. Alikuwa ameyapunguza maisha kidogo kidogo mpaka yakaenea kwenye pumzi iliyobaki, halafu akasema ni mzima.

Mkewe alivumilia, mwishowe uvumilivu ukamshinda.

"Sista, futa hayo yote. Ataamkaje na halali? Anakaa kwenye kiti kama mlinzi! Mbao nabeba mimi. Ngazi hapandi. Hata kucheka anacheka kwa kipimo."

"Mama watoto, unaniaibisha."

"Bora nikuaibishe ungali hai."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mzee, siulizi unavyojimudu. Nauliza hivi: ungekuwa na pumzi ya kutosha, ungefanya nini ambacho sasa hufanyi?"

Fundi akainama. Akaanza kujibu upya, swali kwa swali, na alama zikaporomoka hadi muuguzi akainuka mwenyewe kwenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Akaisoma karatasi, akampulizisha kwenye kifaa cha kupimia pumzi, akamsikiliza mgongoni.

"Niambie tu, daktari," fundi akasema kabla hajaulizwa. "Useremala niuache?"

"Nani kasema uache? Vumbi linakuchokoza, kweli. Lakini kinachokumaliza ni kutegemea ile dawa ya kuvuta ya kutuliza shambulio peke yake, tena ukishazidiwa. Utavuta hii nyingine, ya kuzuia, asubuhi na jioni, hata ukijisikia mzima. Mbao kata nje, vaa barakoa, na sakafu inyunyizie maji kabla ya kufagia. Kisha urudi tukuulize tena."

Machozi yakamtoka fundi pale pale, wala hakuyafuta. Ndivyo walivyo baadhi ya wanaume, hulia wakiachiwa, si wakikamatwa. Mkewe akamshika bega na kumwambia daktari asante kwa niaba ya wote wawili.

Siku ya kurudi ilipofika, muuguzi alikuwa yule yule na maswali yale yale. Fundi akajibu bila kujitutumua, hata akataja siku aliyobanwa alipopiga msasa bila barakoa. Likabaki swali la mwisho: yeye mwenyewe anaionaje hali ya pumu yake?

"Muulize huyu," akasema, akimwelekezea mkewe kidevu.

Mama watoto akacheka. "Sista, juzi nimelala mpaka jua likanipiga usoni. Miaka yote hiyo nalala sikio wazi, nasikiliza kifua chake! Nikapapasa kitandani, maana siku hizi analala kama watu, hayupo. Roho ikaniruka. Nikakimbia karakanani bila viatu. Namkuta anapiga randa, na mluzi juu."

Akamtazama mumewe, sauti ikamlegea.

"Nimezaa naye watoto wote wale, na sikujua kama anajua kupiga mluzi."