Mlango wa Landrova ya Mama Mkwe

Naikumbuka asubuhi moja ya Jumamosi kule Ganako, mwanangu, nilipotoka ndani nimebeba begi kichwani na hasira kifuani, na katika mizigo hiyo miwili begi ndilo lililokuwa jepesi. Nilikuwa mke wa mwaka mmoja tu, na nilikuwa narudi kwetu.

Kwetu ni Wasso, kule Loliondo, kwa Wamaasai wenye ng'ombe zao. Nikaolewa Ganako, kwa Wairaqw, watu wa jembe, maharage na mbaazi. Mume wangu Paskali alikuwa mhudumu kwenye hoteli moja ya watalii karibu na geti la Ngorongoro. Siku zake za mapumziko anakuja nyumbani, zikiisha anarudi kazini. Mimi nikabaki na mama yake, mjane, ambaye nyumba nzima tulimwita Aayo, maana ndivyo Wairaqw wanavyomwita mama. Lugha yetu mimi na yeye ilikuwa Kiswahili. Kimaasai changu nilikitunza kwa ajili ya kunung'unika peke yangu jikoni.

Kabla ya ndoa Paskali aliniahidi jambo moja. Shule niliiachia kidato cha pili, baba alipougua, na kidonda hicho hakikuwahi kufunga. Paskali akaniambia, "Ukija kwetu utasoma. Karatu mjini kuna masomo ya jioni, watu wazima wanasoma mpaka wanamaliza." Mwanangu, nilimpenda kwa ahadi ile kuliko kwa sura yake, na sura alikuwa nayo, twiga walikuwa wanasimama barabarani kumtazama. Tukaoana. Maharage yakapandwa yakavunwa. Mbaazi zikapandwa zikavunwa. Ahadi ikabaki shambani.

Je, nilimkumbusha? Thubutu! Siku ninaagwa nyumbani, mama yangu mdogo alininong'oneza, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Neno jema kabisa, lakini mimi nililishika kama amri ya kumi na moja. Ulimi nikaufungia, masufuria ndiyo nikayapa ruhusa ya kusema. Niliyapiga masufuria yale hadi tembo wa msituni kwetu wakahamia Manyara. Maharage ya Paskali niliyatilia chumvi ya kukaushia nyati mzima. Naye akala, akanywa maji kama ngamia, akaniuliza kwa upole, "Mke wangu, unaumwa?" Nikamjibu, "Siumwi." Akalala. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, ila hawakusema mshindo huo mwenzako anaweza kuusikia akadhani ni radi ya mbali.

Sasa, Jumapili moja kanisani likasomwa tangazo: darasa jipya la jioni litaanza Jumatatu ya wiki inayofuata, wanaotaka wafike siku hiyohiyo. Paskali alikuwa benchi la mbele yangu. Tangazo alilisikia kwa masikio yake yote mawili. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, atageuka anitazame. Hakugeuka. Tukafika nyumbani, nikangoja. Jumatatu nikangoja, Jumanne nikangoja. Jumatano akafunga kamba za viatu, akaniaga, akaenda zake kazini. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimeolewa na gogo. Ijumaa nikafunga begi.

Nilipotoka nalo asubuhi ile ya Jumamosi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba, nikamkuta Aayo uani amepiga magoti kando ya Landrova yake.

Landrova ile lazima nikuambie. Marehemu mumewe aliinunua kwa mwenye shamba moja la kahawa, na hata wakati huo ilikuwa imeshazeeka. Ningekuambia Nuhu aliikataa safinani kwa uzee wake, ungeamini. Fisi walikuwa wakiiona usiku wanaiamkia shikamoo. Mzee alipofariki, watu walimshauri Aayo aiuze kama vyuma chakavu. Yeye akajifunza kuiendesha, akawa anapeleka maharage yake sokoni mwenyewe, mgongo wima, kilemba kichwani. Lakini mlango wa abiria ulikuwa na tabia zake. Bawaba zake zilikuwa zimelegea miaka na miaka, mlango umeinama, na kila abiria alipewa maelekezo kama ya ndege: inua kwa goti, vuta, bamiza, sema amina. Wiki ile, katika kupakia magunia, bawaba ya chini ikakatika kabisa. Ya juu ikabaki imeuning'iniza mlango kama jino la mtoto.

Aayo alitazama begi langu. Hakuuliza kuna nini.

"Wasso?"

"Ndiyo, Aayo."

"Basi la Wasso leo halipo. Nitakupeleka mimi."

Nikadhani ananikejeli. Kumbe nyuma ya gari alishapakia madumu ya dizeli, maji, na viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye kanga. Alikuwa amenisikia nikifunga begi tangu jana yake. Akaniambia, "Nilikuchukua kwa wazazi wako kwa heshima, nitakurudisha kwa heshima. Hutaondoka kwangu kwa kudandia malori. Ila siwezi kubeba mtoto wa watu kwenye gari lisilo na mlango. Weka begi, njoo ushike."

Nikamuuliza kwa nini tusimwite fundi wa mjini. "Yule?" akasema. "Yule alitaka auchomelee mlango usifunguke tena, abiria apitie kwangu. Nikamwambia, na gari likiwaka moto, abiria atokee kwenye redieta?"

Basi tukaanza. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, lakini Aayo alizimwagia dizeli tangu jioni, na sasa akawa anazigonga polepole kwa nyundo, taratibu kama anayembembeleza mtoto alale. Moja ikatoka inapiga kelele. Nyingine ikagoma, akaitukana kwa Kiiraqw, ikatoka. Bawaba nyingine nzima alikuwa nayo, aliipata kwenye mzoga wa gari lingine la aina ileile. Kazi iliyobaki ilikuwa kutundika mlango.

Na kutundika mlango wa gari, mwanangu, si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anasimama nje, anaubeba kwa goti na bega. Mwingine anaingia ndani, anatafuta matundu kwa kidole, anapitisha bolti. Aliye ndani hamuoni aliye nje. Katikati yao kuna bati.

"Juu kidogo," Aayo akasema kutoka ndani.

Nikainua. Kwa ghadhabu niliyokuwa nayo ningeinua na gari lenyewe.

"Hapo umeshika?"

Nikanyamaza.

"Naserian! Umeshika?"

Nikanyamaza. Mlango ulikuwa unanilemea, goti linateleza, lakini nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna anaona hata kusema "nimechoka" ni kushindwa. Mlango ukaniponyoka. Nikamsikia Aayo akipiga yowe. Kidole chake kilikuwa kimebanwa.

Alitoka akikinyonya, macho yamemtoka. "Kwa nini hukusema unalegea?"

"Nilikuwa navumilia, Aayo."

"Nani kakuomba uvumilie? Mimi niko nyuma ya bati! Mikono yako siioni, uso wako siuoni. Ninachokijua ni kile unachoniambia. Ukinyamaza, mimi najua umeshika, natia kidole!" Akakitikisa kidole, akakitazama, akaona bado ni chake. "Haya. Tena. Na safari hii mdomo nao ufanye kazi."

Nilijiandaa kwa mahubiri. Nilijua sasa atasema ndoa ni kama mlango, mume ni bawaba, mke ni kitasa, tumalize na sala. Hakusema hata neno moja la hayo. Alirudi ndani, akakohoa, akaniuliza, "Umefika?"

"Bado. Nashusha kidogo."

"Kidogo ya Wasso au kidogo ya Ganako?"

"Ya Ganako!"

"Ah, hiyo ndogo kweli. Hapo?"

"Hapo! Tia, Aayo, goti linaondoka!"

"Lishike hilo goti, bado unalihitaji. Imeingia!"

Sijui ni nini, mwanangu. Labda mdomo ukishafunguka kwa ajili ya goti, unashindwa kujifunga upesi. Bolti ya tatu inaingia, mimi nimekumbatia mlango, nikasikia sauti yangu yenyewe ikisema, "Aayo, mimi nataka kusoma."

Spana ikanyamaza. "Kusoma nini?"

"Kumaliza shule. Jioni, mjini. Paskali aliniahidi."

"Umemwambia?"

"Anajua."

"Nimekuuliza umemwambia?"

"Alisikia tangazo kanisani, Aayo, alikuwa amekaa palepale."

"Naserian, swali langu ni moja."

"Sijamwambia."

"Tangu harusi?"

"Tangu harusi."

Nikangoja anicheke. Hakunicheka. Akasema kutoka ndani, "Bolti moja imebaki. Inua."

Tukamaliza. Nikaufungua mlango, nikaufunga kwa vidole viwili. Nikaufungua tena, nikaufunga tena. Aayo akaniambia nikiendelea hivyo utachakaa kabla hatujafika Karatu mjini. Tukapanda, tukaondoka.

Njia ya Wasso kutoka kwetu inapanda kuelekea getini, na hoteli ya Paskali iko pembeni ya njia hiyohiyo. Tulipofika kwenye njia panda Aayo akasimama. Injini hakuizima, maana ilikuwa ikizimwa haiwaki mpaka isukumwe na ukoo mzima.

"Huku ni hotelini," akasema. "Kule ni Wasso. Mafuta niliyobeba yanafika kote, na mimi sitakuuliza kwa nini. Ila sitakisia. Sema."

Nilitazama barabara ya Wasso. Nilimwona mama yangu, niliona boma letu, niliona ng'ombe wakirudi. Nilitaka sana kwenda, mwanangu, usidhani nilikuwa naigiza. Nikasema, "Hotelini."

Paskali alitoka mbio, sare yake nyeupe, akidhani kuna msiba. Akamwona mama yake kidole kimevimba, akamwona mkewe na begi. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," Aayo akamjibu kupitia dirishani. "Msikilize mke wako upesi, dizeli inaungua."

Nikashuka. Maneno niliyoyapika mwaka mzima yote yalikimbia, yakabaki machache. Nikamwambia, "Paskali, nataka kusoma. Uliniahidi. Darasa linaanza keshokutwa. Umeacha kuitaka ahadi yako?"

Alinitazama kama anayeamshwa usingizini. "Mimi nilidhani wewe ndiye uliyeacha kutaka."

"Nimeacha lini?"

"Tangu tuoane hujaitaja shule. Nikasema moyoni, nikimuuliza ataona namkumbusha kwamba hakumaliza shule. Ataona namdharau. Siku ya tangazo niliogopa hata kugeuka, nilidhani unaona aibu."

Wewe! Mwaka mzima mimi namsubiri aseme, yeye ananisitiri nisiaibike. Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikafanya vyote viwili kwa pamoja, na watalii wawili waliokuwa wanapita wakasalimia "Jambo" wakaharakisha.

Lakini sitakudanganya kwamba mambo yaliisha kwa kukumbatiana. Paskali akakuna kichwa, akasema, "Ila jioni... mke wangu anatembea jioni mjini, watu watasemaje? Tungoje kwanza nirudi, tuzungumze."

Zamani yangu, yaani juzi yake, ningesema "sawa" nikaenda kuua masufuria. Siku ile nikasema, "Hapana, Paskali. Darasa halitangoja. Watu wakisema, nitawasikia mimi. Wewe unasemaje?"

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama usukani.

"Nenda," akasema mwishowe. "Kweli niliahidi. Nenda, na mimi nikiwa nyumbani nitakuwa nakuja kukuchukua."

Na alikuja, mwanangu. Siku nyingine alichelewa, nikamwambia kwamba amechelewa, kwa maneno. Nilimaliza shule ile ya jioni, tena kwa makeke, mpaka leo kuna hesabu nikizitazama zinajikokotoa zenyewe kwa kuniogopa.

Sasa sikia nasaha yangu. Jambo linalokuuma, mwambie yule linayemhusu, mapema, kwa sauti yako ya kawaida, na kwa jina lake lenyewe. Usimwambie kwa chumvi wala kwa mgongo. Usimtegee mtihani asioujua kisha umfelishe. Mficha uchi hazai. Wazee waliokufundisha kuuchunga ulimi hawakukosea, walitaka usiutumie kumkata mwenzako, hawakukuambia umnyime habari zako. Na wewe unayeishi na mtu mkimya, usijisifu kwamba nyumba yako ina amani. Mwenye kovu usidhani kapoa. Muulize, na akikujibu "siumwi," muulize mara ya pili.

Na ikiwa umesema, ukasema tena, na mwenzako akaziba masikio au akainua mkono, hapo sikuambii ubaki. Aayo alibeba mafuta ya kunifikisha Wasso, na angenifikisha kweli. Kuondoka si aibu. Ninachokuomba ni kwamba usiondoke kabla hajajua unaondokea nini.

Mungu akupe ulimi mnyoofu na moyo usio na haraka ya kuhukumu. Ng'ombe wako wapate majani hata kiangazi kikiwa kirefu, maharage yako yakomae kabla ya baridi kali. Na kila jioni ya maisha yako, ukae na mtu wa kukuuliza habari za siku nzima, na anayengoja mpaka umalize kujibu.