Utosi wa Abilahi

Juzi tulimwombea dada yangu Consolata katika misa ya arobaini. Kwenye benchi la nyuma alikaa bibi mmoja wa Kiislamu, tasbihi mkononi. Nilimtambua: Bi Mwahija wa kijiji cha Miteja.

Mwaka 1998 Consolata alikuwa muuguzi katika hospitali ndogo ya misheni, na ndiye aliyeshika mashine ya altrasaundi. Wenzake waliitumia kwa wajawazito tu. Yeye alifundishwa na daktari mgeni kutazama ubongo wa mtoto mchanga kupitia utosini, kabla mfupa haujafunga. Alikuwa akisema mlango huo Mungu anatuachia wazi kwa miezi michache tu.

Bi Mwahija alimleta mjukuu wake Abilahi, wa miezi mitatu, kichwa kinakua upesi kuliko mwili. Mama wa mtoto, binti wa Bi Mwahija, alikuwa ameugua homa na kuvimba tezi za shingo akiwa mjamzito. Consolata alihofu kwamba maradhi yalimfikia mtoto tumboni, na sasa maji yanaukandamiza ubongo. Bila picha, daktari hangemwandikia rufaa ya Dar es Salaam.

Dada akapenyeza kifaa cha mashine chini ya kofia ya mtoto, picha ikaja nyeusi tupu. Akaipigapiga mashine, akachomoa waya, akachomeka tena. Akainua kofia; kumbe utosi ulikuwa umepakwa dawa ya kienyeji ya mvuje na masizi, imekauka kama udongo.

“Bibi, hii tuioshe.”

“Haioshwi. Mjukuu wangu haguswi utosi na mtu asiye wa ukoo.”

“Basi osha wewe. Na kifaa shika wewe.”

“Mimi? Nyie Wamakonde mna maneno!”

“Mkono wangu utakuwa juu ya wako tu.”

Bi Mwahija akainusa jeli. “Na hii dawa gani?”

“Si dawa, ni ya kutelezesha. Angalau hainuki kama yako.”

Bibi akacheka, akaosha, akasema bismillahi. Mkono juu ya mkono, wakaona vyumba vya maji ndani ya ubongo vimetanuka, na madoa meupe pembeni.

“Madoa haya yanaonyesha maradhi yalianza tumboni, bibi. Binti yako hana kosa.”

Wiki hiyo hiyo mtoto alifika Dar es Salaam, akapasuliwa na kuwekewa mpira wa kupunguza maji.

Baada ya misa Bi Mwahija aliniita nje. Kando yake alisimama kijana anayechechemea, jicho moja halioni.

“Abilahi, inama.”

Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya utosi wa mjukuu wake.

“Wewe ni wa ukoo,” akasema.