Lori Lililozimika Mlima wa Mnarani

Zubeir Faki wa Barani, Malindi, alizeekea nyuma ya usukani wa malori, na waliomjua walisema hajapata kupaaza sauti. Mwaka 1984 alikuwa akiendesha lori la Saad, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, akisafiri pamoja na shemeji yake Kaingu, mpakiaji wa makamo.

Lori hilo lilikuwa na ugonjwa usiojulikana. Lilikwenda vizuri, kisha bila kukohoa wala kutoa moshi likazima. Fundi alibadilisha filta, halafu akasema pampu ya dizeli ndiyo mbovu. Saad akanunua nyingine. Asubuhi hiyo, wakiwa wamejaza magunia ya kupeleka Mombasa, likazima Msabaha, na tena Matsangoni. Mara zote mbili walilegeza skrubu ya filta, wakapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, likawaka. Waliamini ni hewa iliyoingia kwenye mafuta.

Daraja la Kilifi lilikuwa bado kujengwa. Wakavuka kwa feri, na ng'ambo ya Mnarani Zubeir akaanza kuupanda mlima taratibu, watu wakitembea mbele na nyuma yake. Katikati ya mlima injini ikanyamaza.

Alikanyaga breki. Pedali ikawa ngumu kama jiwe, kwani injini ndiyo iliyoipa nguvu. Akavuta breki ya mkono, isishike. Lori likaanza kurudi nyuma polepole, na kwa kuwa injini ilikuwa kimya, halikutoa sauti ya kumshtua mtu.

"Kaingu, gogo," alisema.

Kaingu akaruka chini na gogo la kuzuia gurudumu. Kwenye kioo Zubeir alimwona mwanamke ameinama nyuma ya gurudumu, akiokota maembe yaliyomwagika kapuni. Akapiga honi. Mwanamke hakuinuka. Akapiga tena, huku amesimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili. Kaingu alilitupa gogo chini ya tairi, akamvuta yule mama kwa leso yake, wote wawili wakaanguka kando ya barabara. Tairi likalipanda gogo kidogo, likasita, likatulia. Kapu lilikuwa limekwisha kusagwa.

Watu wakaleta mawe. Zubeir hakuondoa miguu mpaka Kaingu alipomwambia mara ya pili kwamba sasa lori haliendi popote. Ndipo akashuka, akamwendea yule mama, ambaye jina lake lilikuwa Kabibi, akamwomba radhi.

"Mimi nilidhani wanihimiza nikupishe," alisema Kabibi. "Nikasema, na angoje."

Kaingu tayari alikuwa ameshika spana. Zubeir akamzuia, akamwambia asiguse kitu. Wakakaa. Jua likawachoma, madereva wa nyuma wakanung'unika. Kisha Zubeir akapanda, akapiga stata, na injini ikawaka mara moja.

"Basi si hewa," alisema. "Hewa haitoki yenyewe. Kuna kitu huziba njia ya mafuta, injini ikizima huachia."

Walilifikisha lori juu kwenye tambarare. Huko akafungua mpira unaotoka kwenye tangi, akautia mdomoni na kuvuta. Dizeli ikaja, kisha ikakatika ghafla, kana kwamba mtu ameziba kwa kidole. Akapuliza, akasikia mapovu ndani ya tangi. Akavuta, ikaja, ikakatika tena. Wakatoa mafuta kwa debe, na Kaingu akapekua ndani ya tangi kwa waya uliopindwa ncha. Alichokitoa ni kipande cha nailoni cha upana wa kiganja, laini, cheusi kwa mafuta. Hawakujua kimeingiaje. Kila injini ilipovuta sana kilinyonywa kikajibandika kwenye tundu. Injini ikizima, kilielea zake.

Kabibi alikuwa amewafuata. Alikitazama kile kipande, akaondoka na kapu lake lililopasuka mkononi.

Lori halikuzima tena njia nzima. Mtwapa walisimama kunywa chai, na mara mbili Zubeir aliinua kikombe, mara mbili chai ikamwagika mezani. Kaingu akakichukua kikombe, akaimimina chai kwenye kisahani, akamsogezea.