Karai la Waru

Mwaka tuliohamia mtaa wa Kongo, kule Kawangware, Nairobi, ploti yetu ilikuwa bado na kipande cha ardhi nyuma ya choo, upana wa vitanda vitatu hivi. Mwenye ploti alikuwa hajapata mabati ya kuongeza vyumba, kwa hivyo pale palikuwa nyasi tu, makopo na chupa zilizovunjika. Mimi ni mtu wa Kitui. Kuona udongo wenye unyevu umelala bure kuliniuma.

Jirani yangu wa ukuta alikuwa mwanamke Mjaluo, mjane, akinizidi miaka kama mitano. Watoto wake walikuwa kwa nyanya yao, huko ziwani. Kila asubuhi aligonga bati mara mbili, nami nikatoka, tukaenda Lavington, kwa matajiri, kutafuta nguo za kufua. Kuna siku tulikosa, tukarudi jua likiwa bado changa. Siku moja kama hiyo ndipo tulipoazima jembe.

"Tupande nini?" nikamuuliza. "Kunde?"

"Kunde ni za kwenu kwa jua, Mkamba wangu. Hapa tupande waru."

Marehemu mumewe aliwahi kufanya kibarua kwenye shamba la viazi hivyo upande wa Molo, na jirani yangu akawa anavuna pamoja naye. Alinituma sokoni niwaombe wauzaji zile waru zilizonyauka na kuanza kuchipua. Akazikata vipande, kila kipande na jicho lake, akapaka jivu pale kisu kilipopita ili visioze. Mashina yalipofika magotini akanionyesha jinsi ya kuyapandishia udongo.

"Waru ikiona jua inageuka kijani, inakuwa chungu," alisema. "Ifunike vizuri. Wewe unafunika kama mtu anaficha kitu cha wizi, mbio mbio."

Tulicheka sana nyuma ya kile choo. Mavuno ya kwanza tulipika na kabichi kwenye sufuria yake, tukala kwa sahani moja, vidole vyetu vikigongana. Mume wangu, fundi wa mawe, aliletewa sahani yake, akairamba.

Msimu wa pili ulianza na mvua nyingi. Majani yakaanza kuwa meusi kwenye ncha, kama yaliyochomwa na moto, ugonjwa ambao wakulima wa waru huuita baridi, na katika wiki moja nusu ya mimea ilikuwa imeanguka. Wakati huohuo kikohozi kilimshika jirani yangu na hakikumwachilia. Blauzi zake zikaanza kumning'inia mabegani. Lavington, mama mmoja aliyekuwa akimpa nguo kila Jumatano alimwambia kupitia geti kwamba ameshapata mtu mwingine.

Kwenye ploti hakuna aliyesema neno mbele yake. Watu waliondoa tu ndoo zao karibu na yake kwenye foleni ya maji. Mpangaji mmoja akafunga kamba yake mwenyewe ya kuanikia nguo.

"Huyo mama ako na mdudu," mume wangu aliniambia. "Usikule kwake tena."

"Ni kifua tu."

"Na bwana yake alikufa na nini?"

Sikuwahi kuuliza, na sikuuliza kwa sababu nilijua. Tangu siku ile nikawa natoka mapema, kabla hajagonga bati, nikivuta mlango polepole usilie. Wakati huo tulikuwa tumesikia mengi juu ya ukimwi, na karibu yote yalikuwa uongo, lakini sisi hatukujua ni yapi. Najitetea hivyo. Pia nakumbuka kwamba sikujaribu kujua.

Waru zilizobaki alizivuna peke yake. Nilimwona kupitia ufa wa dirisha, amekaa chini kwenye udongo kwa sababu kuinama kulimshinda, akichimba kwa kisu cha jikoni. Ilimchukua karibu siku nzima. Jioni akaja mlangoni kwangu na karai. Alikuwa amezigawa, na zangu alikuwa ameziosha, moja moja, mpaka ngozi zinang'aa.

"Hizi ni zako," alisema. "Kidogo tu, baridi imekula zingine."

"Asante, dada," nikasema. Sikumwambia karibu.

Mume wangu aliliangalia lile karai likiwa sakafuni. "Aliziosha na mikono yake?" Kisha akasema, "Usizipike hapa."

Kesho yake asubuhi, alipokwenda kazini, nilizibeba mpaka chooni nikazimwaga kwenye shimo. Nilisikia zikianguka. Nilipogeuka, jirani yangu alikuwa amesimama nje, kopo la maji mkononi, akingoja zamu. Aliliangalia karai tupu, kisha akaniangalia mimi.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningempea mtu mwingine akule."

Akaingia, akafunga mlango. Mimi nikabaki pale na karai, nisijue kama ningojee atoke au niende. Nikaenda.

Baada ya siku chache kaka yake alikuja na mkokoteni, akamhamishia kwake Kibera, Laini Saba. Nilikuwa ndani. Niliwasikia wakipakia godoro, na sikutoka.

Ilinichukua miezi miwili kupata moyo. Nilitembea kwa miguu mpaka Laini Saba, nikauliza nyumba kwa nyumba kando ya reli, nikiwa na sukari na sabuni kwenye mfuko. Aliyenifungulia ni mke wa kaka yake.

"Tulimsafirisha wiki tatu zilizopita," alisema. "Alizikwa nyumbani. Wewe ni nani yake?"

"Tulikaa ploti moja Kawangware."

Uso wake ukafunguka. "Ni wewe Mkamba? Alikuwa anakutaja. Alisema mlilima pamoja. Alisema ulikuwa mtu mzuri kwake."

Akanivutia kiti, akawasha jiko, akaniwekea chai. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, na mtoto mgongoni, lakini alikaa nami. Nilitaka kumwambia juu ya zile waru nilizomwaga. Nikanywa chai, kikombe kizima, nikaomba kuondoka.

Mwaka uliofuata mwenye ploti alijenga vyumba viwili nyuma ya choo. Mume wangu hakuwahi kuniuliza nilikokwenda siku ile ya Laini Saba, nami sikumwambia.