Jeneza Mlangoni kwa Mama Mkubwa

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliuawa na moshi. Kule machimbo ya Kamatanda wachimbaji waliteremsha pampu ya petroli ndani ya shimo la madini ili wavute maji, wakaiwasha huko huko chini. Moshi ule huinyima damu hewa. Mtu anasinzia, basi. Mimi hufundisha biolojia. Niliyaeleza hayo matangani mpaka koo likanikauka, nao wakaitikia kwa heshima, "Ndiyo, prof," kisha wakaendelea kumtafuta mchawi.

Kwetu Likasi, huku Kongo, kijana akifa ghafla, wenzake huweza kulibeba jeneza wakidai marehemu mwenyewe atawaongoza hadi kwa aliyemuua. Anayeonyeshwa huvunjiwa nyumba, na asipokimbia hupigwa hata kufa. Nilikuwa nimewacheka wanafunzi wangu mara nyingi kwa kuamini upuuzi huo.

Siku ya mazishi jeneza likatoka uani mabegani mwa vijana, likayumba, likaacha njia ya makaburini, likaingia kichochoro ninachokijua. Kichochoro kile kinaishia kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea na kunisomesha kwa kuuza samaki wa ziwa Tshangalele. Asubuhi ya msiba ndiye aliyempa mdogo wangu bukari, ugali wetu, na samaki kabla hajaenda shimoni. Hatia yake ilikuwa hiyo tu.

"Ni yeye njo anatupeleka!" vijana walipiga kelele. "Shiye tunafuata tu!"

Nikampiga kikumbo mbebaji mmoja, nikaweka bega langu mahali pake. Nilitaka kulirudisha nyuma. Jamani, lilinivuta! Naapa lilinivuta. Nilikaza miguu, nayo miguu ikaenda, na mara nikawa nakimbia. Mwalimu mzima, nywele zilinisimama, nikajiuliza: na kama ni kweli? Kama ni mama mkubwa aliyemuua?

Mlango wa mama mkubwa ulikuwa mbele yetu, umefungwa. Mtu alikuwa ameshaokota tofali.

"Tumuweke chini!" nilipayuka. "Kama ni yeye njo anatembeya, tumuweke chini, ataenda yeye moya, bila shiye!"

Sijui kwa nini walinisikiliza. Labda mabega yalikuwa yamechoka. Tukaliweka vumbini, tukarudi nyuma, tukangoja.

Jeneza likakaa. Nzi akatua juu ya kifuniko, akatembea, akaruka. Mwenye tofali akalitazama tofali lake kana kwamba limewekwa mkononi mwake na mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo. Ndani ya sanduku lile hamkuwa na nguvu yoyote. Marehemu hana kazi tena duniani; kazi yote, nzuri na ya kuua, ameiacha mikononi mwetu. Ni sisi tuliotembea, kila bega likifuata bega la jirani na kuliongezea kidogo, na hakuna hata mmoja aliyeamua chochote. Mambo hayo ningeweza kuyaeleza darasani kwa chaki. Hapo nililishika tu bega langu, lililokuwa likiniuma.

Mama mkubwa akafungua mlango. Vijana hakuwaangalia. Aliniangalia mimi, nikiwa bado nimelishika bega langu.

"Nilikuona mu dirisha, mutoto yangu," akasema polepole. "Weye njo ulikuwa unakuya mbiyo kupita benzako."